Mbwa asiyeshughulika na kuku

Mtu anayefuga mbwa kijijini hapa Pemba huulizwa mambo mawili kabla ya yote. La kwanza ni la dini: mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba na moja katika hizo kwa udongo, sasa vipi mtu anayeswali akamweka mnyama huyu shambani kwake? La pili ni la kuku. Kwa nilivyoona, hili la pili ndilo linalowagombanisha majirani, kwa sababu la kwanza wanazuoni walikwisha kulijibu karne nyingi zilizopita, ilhali la pili kila mwenye mbwa hulazimika kulijibu mwenyewe, kwa vitendo, mbele ya jirani aliyekuja na kuku aliyekufa, kamshika miguu.

Hilo la dini sitalirefusha. Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim inamtoa katika lawama mtu anayefuga mbwa kwa ajili ya uwindaji, mifugo au shamba, na mbwa wangu ni wa shamba: kazi yake ni kuwazuia tumbili wasimalize ndizi na mahindi, na kubweka usiku anapopita mtu asiye na haja ya kupita. Analala nje, chombo chake ni chake peke yake, na nguo za kuswalia hazianikwi upande anaokaa. Hata hivyo kuna jambo moja katika fiqhi ambalo limenifaa kuliko ushauri mwingi wa wafugaji. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha kile wanachokikamata wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wameeleza ni mbwa gani anayestahili kuitwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, na akikamata hali, tena mambo hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ndiyo tabia yake na si bahati ya siku moja. Sharti la katikati ndilo linalotuhusu sisi wenye kuku. Mbwa anayezuilika wakati kuku anapuruka mbele ya pua yake, huyo kafundishwa. Anayekaa kimya kwa sababu kuku wamefungiwa bandani hajafundishwa kitu bado.

Watu wengi hutaka mbwa awapende kuku, au awe mlinzi wao, na wakimwona amelala huku kuku wanachakura karibu naye husema kwamba wamekuwa marafiki. Mimi sitaki urafiki huo. Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi: kuku wawe si chochote kwake, kama makumbi ya nazi yaliyozagaa chini ya mnazi, ambayo mbwa huyapita kila siku bila ya kuyageuzia kichwa. Mbwa anayewapenda kuku hutaka kucheza nao, na kuku hawezi mchezo wa mbwa. Kuku wengi wanaouawa na mbwa wa nyumbani hawauawi kwa njaa. Huuawa na mbwa aliyeshiba, mara nyingi kijana, aliyefurahi kupita kiasi.

Ili kulifahamu jambo hili inafaa kujua jinsi uwindaji wa mbwa unavyokwenda. Ni mfululizo wa vitendo vinavyofuatana: hukodoa macho, hunyemelea, hufukuza, hukamata kwa meno, huua, kisha hupasua na kula. Binadamu, kwa kuchagua vizazi na vizazi, amevikata vitendo hivyo mahali tofauti katika aina tofauti za mbwa. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza, kwa mfano, hukodoa, hunyemelea na hufukuza kwa ustadi mkubwa lakini huishia hapo, bila ya kuuma. Mbwa wetu wa kienyeji hawakukatwa popote. Walioendelezwa hapa ni wale waliowafaa wasasi, yaani wale wanaofika mwisho wa mfululizo wote. Na jambo ambalo wafugaji wengi hawalizingatii ni kwamba kila kitendo katika hivyo kina utamu wake chenyewe. Mbwa aliyemfukuza kuku akamkosa hakukosa malipo, kwani kule kufukuza ndiko malipo, naye kesho atafukuza tena kwa hamu zaidi.

Kwa hiyo mahali pa kumzuia ni mwanzo kabisa, kwenye jicho. Mbwa aliyekwisha kutoka mbio hasikii jina lake, na anayemwita kwa kelele wakati huo humfundisha tu kwamba jina lake halina maana. Lakini mbwa anayekodoa bado yupo nawe. Dalili zake ziko wazi kwa mwenye kuzitazama: mdomo hufungwa ghafla, masikio husimama mbele, mwili hukakamaa, mkia huwa mgumu, na pengine mguu mmoja wa mbele huinuliwa ukabaki hewani. Mbwa anayetazama kuku huku mdomo wazi na ulimi nje, kisha akatazama mahali pengine, hana neno. Anayetazama kwa mdomo uliofumbwa ndiye wa kuondolewa pale pale.

Mbwa wangu anaitwa Tuone, na jina hilo alikuja nalo kutoka kwa msasi aliyemlea. Nilimpokea akiwa mkubwa, tena akiwa na mazoea ya porini, ambako kila mara alipokurupusha kitu chenye kukimbia alisifiwa. Haikuwa haki kumtaka aelewe siku ya kwanza kwamba huku kwetu vyenye kukimbia vina wenyewe. Kabla ya kumfundisha lolote nilishughulika kwanza na uzio.

Juu ya uzio nina maneno mengi, kwani mafunzo yote yanautegemea. Ule wavu mwepesi wenye matundu ya pembe sita, ambao madukani huitwa wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii mbwa asiingie. Mbwa mwenye nia huupasua kwa meno na kucha. Panapotarajiwa mbwa patiwe wavu wa waya mzito uliochomelewa, ufungwe kwenye nguzo za mvinje zilizochimbiwa vizuri, na chini ufukiwe kiasi cha sentimita 30 au ulazwe kuelekea nje na kuwekewa mawe, maana mbwa huchimba pale pale uzio unapogusa ardhi na hapo ndipo atakapokuta waya. Kuku wanaoruka juu ya uzio hukatwa manyoya marefu ya bawa moja tu. Kuku aliyekatwa bawa moja hupoteza mizani na hawezi kupaa, ilhali aliyekatwa yote mawili bado huweza kujirusha. Manyoya yenyewe hayana maumivu yakikatwa, ila yale machanga yenye damu ndani ya shina yaachwe, na baada ya kunyonyoka huota mapya, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa.

Jambo la pili juu ya uzio ni dogo na halina gharama, nalo ni kuuziba kwa makuti. Sehemu ya chini, kimo cha mbwa, nimeifunga makuti yaliyosukwa ili Tuone asione ndani. Mbwa anayekaa mchana kutwa mbele ya waya akiwakodolea kuku macho anafanya mazoezi ya uwindaji kutwa nzima bila ya mwalimu, na saa ya mafunzo ikifika utakuta amekwisha kukutangulia. Waziona nyumba ambazo mbwa amechimba njia kuzunguka banda kwa kwenda na kurudi, na wenyewe husema kwa furaha kwamba analinda. Halindi.

Ama mafunzo yenyewe, vifaa vyake ni kamba madhubuti ya urefu wa hatua chache, ukanda wa shingoni usiochomoka, na dagaa kavu waliovunjwa vipande vidogo. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali, baada ya mbwa kutembezwa vya kutosha na kabla ya kula, au jioni kuku wanapoanza kukusanyika kuelekea bandani, kwa sababu saa hiyo huwa wazito na hawana haraka. Husimama naye mbali, mahali anapowaona kuku lakini bado anaweza kula. Kipimo cha umbali ni hicho hicho cha kula: mbwa anayekataa dagaa aliowapenda dakika tano zilizopita yuko karibu mno, akili yake yote imekwenda kwa kuku, na hapo hakuna la kufundisha ila kurudi nyuma. Kila anapowatazama kisha akayaondoa macho mwenyewe, au akageuka kuniangalia, namwambia neno moja la kumsifu papo hapo kisha namtupia dagaa. Neno litangulie na litamkwe katika sekunde ile ile, kwa kuwa mbwa huunganisha malipo na kile alichokuwa akikifanya wakati huo huo, si alichokifanya kabla ya mtu kumaliza kupekua mfukoni.

Hapa ndipo adabu ya usafi na ustadi wa mafunzo vilipokutana bila ya mimi kutarajia. Vitabu vya wageni huonyesha mtu akimlisha mbwa kwa vidole, mate yote kiganjani. Mimi sikutaka hayo, kwa sababu ya kuswali, hivyo tangu mwanzo nilimtupia dagaa chini, nyuma yake, upande wa pili na walipo kuku. Matokeo yake ni kwamba kila anapolipwa hulazimika kuwapa kuku mgongo, kuinamisha kichwa na kunusa ardhi, na mbwa anayenusa ardhi hupoa mwili mzima. Sasa akiwaona kuku, jambo la kwanza linalomjia ni kugeuka nyuma. Sidhani kama kidole kingelifanya kazi hiyo hata nusu yake.

Umbali hupunguzwa kidogo kidogo, tena kwa ngazi ambazo hazipangwi na hatua peke yake bali na kile wanachokifanya kuku. Kuku aliyetulia ni somo moja. Kuku anayetembea ni somo jingine. Kuku wanaogombania chicha za nazi zilizomwagwa chini, kwa kelele na kupigana mabawa, ni somo la tatu na gumu zaidi, na kwa hilo mbwa arudishwe mbali tena kana kwamba anaanza upya. Jogoo anayemkimbiza mtetea ni la nne. Mtu asiruke ngazi kwa sababu jana mbwa alionekana mtulivu. Kila kipindi kiwe kifupi, dakika kumi zatosha, na kimalizike mbwa angali anafanya vizuri. Pamoja na hayo afundishwe neno la kuacha, ambalo sisi huku ni “wacha”, lakini afundishwe mbali na kuku kabisa, kwa kitu rahisi kama kipande cha muhogo kilichoanguka, kisha kwa kitu kigumu zaidi, mpaka neno hilo lizoeleke kabla ya kulipeleka mbele ya mnyama anayepuruka. Kamba haiachiliwi mkononi mpaka neno hilo limekwisha kujaribiwa katika ngazi zote, na hata hapo huachwa iburute chini kwa muda mrefu ili pawe na kitu cha kukanyaga.

Kilichonipa taabu kuliko mbwa ni watu. Msimu wa karafuu hapa Pemba kila uwanja una majamvi yaliyoanikwa, na karafuu hukaa juani siku kadhaa kabla ya kukauka sawasawa. Kuku nao hupenda kupita juu yake, huzitawanya kwa kuchakura na kuzichafua. Watoto huwekwa kulinda, na mtoto aliyechoka kukaa juani huona mbwa ni msaidizi aliyeletwa na Mungu. Anapiga makofi, anaonyesha kidole, anasema “shika”, mbwa anatoka, kuku wanatawanyika, na wote wawili wanaona kazi imefanyika. Basi mafunzo ya miezi huondoka katika adhuhuri moja, kwani nyumba hiyo hiyo imemwambia mbwa kwamba kuku hawafukuzwi na kwamba kuku hufukuzwa, naye mbwa hana namna ya kujua kuwa ruhusa ile ilikuwa ya jamvini tu.

Niliwakalisha watoto wa nyumbani na wa jirani, nikawaeleza kwamba fimbo na sauti zao zinatosha kwa kuku, na kwamba mbwa asiitwe wala asisemeshwe wakati wa kazi hiyo. Mmoja akaniuliza, “Sasa babu, mbwa kazi yake nini?” Nikamwambia kazi yake ni tumbili. Alionekana kutoridhika, na nadhani angali hajaridhika. Siku za kuanika, Tuone hufungwa kwenye kivuli cha mfenesi upande wa pili wa nyumba, asikoona majamvi, na kuku hubaki bandani mpaka karafuu zigeuzwe na mtu mzima awepo. Ni usumbufu, ila ni wa msimu.

Juu ya kupiga. Wapo wanaoamini kwamba mbwa aliyeua kuku apigwe kwa kuku yule yule, na wapo wanaoshauri kumfunga mzoga shingoni mpaka uoze, ati mbwa auchukie. Ushauri huu wa mzoga unajulikana katika nchi nyingi na umerithiwa kwa muda mrefu, lakini hausimami. Mbwa hajui kwamba uvundo anaotembea nao ni adhabu ya tendo la juzi. Hujua tu kwamba ana uvundo, na kwa mbwa uvundo si lazima uwe jambo baya. Katika joto letu mzoga huo utaleta nzi na funza kabla haujaleta toba. Kupiga nako humfundisha mbwa jambo la kweli lakini si lile linalokusudiwa: kwamba mwenyewe anapokuwepo, kuku ni hatari. Mwenyewe akienda sokoni hatari imeondoka naye. Tena mbwa anayepigwa kila anapoona kuku huweza kuanza kuwachukia kuku wenyewe, kwa kuwa ndio wanaoleta fimbo, akawa mbaya zaidi kuliko alipoanza.

Mwenye bahati ya kuanza na mtoto wa mbwa ana kazi nyepesi, ingawa si nyepesi kama anavyodhani. Umri wa wiki 3 hadi kiasi cha wiki 12 au 14 ndio dirisha ambalo mbwa hupokea viumbe vinavyomzunguka kuwa sehemu ya kawaida ya dunia yake. Jambo hili lilielezwa kwa kina na watafiti wa Marekani, Scott na Fuller, katika kazi yao iliyotoka mwaka 1965. Mtoto aliyekua katika wiki hizo akisikia kuku na kuwanusa kupitia kwenye uzio, na hata akadonolewa puani mara moja na koo mwenye hasira, hubaki na heshima fulani. Lakini heshima hiyo hutikiswa anapofika ujana, baina ya miezi mitano na mwaka na zaidi, pale mwili unapokuwa na nguvu za mbwa mzima na akili bado inataka mchezo. Wafugaji wengi hulalamika kwamba mbwa aliyekua na kuku amewageuka ghafla. Hakuwageuka; alifika umri wa kurudishwa kwenye kamba, na hakurudishwa.

Nchini Australia kuna kisa kinachopendeza wanaoamini kwamba mbwa anaweza kuwa mlinzi wa ndege. Karibu na mji wa Warrnambool, katika jimbo la Victoria, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Middle Island, ambacho maji yanapokupwa mbweha huweza kuvuka kutoka bara, na mbweha hao walikuwa wakiwamaliza pengwini wadogo wanaozaliana pale. Kundi lililokuwa la mamia lilishuka mpaka mwaka 2005 wakahesabiwa chini ya 10. Mwaka 2006 wakapelekwa mbwa wa aina ya Maremma kukilinda kisiwa, na pengwini wakaanza kuongezeka tena. Wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku wa huko, Allan Marsh, ambaye alikuwa akiwatumia mbwa wa aina hiyo kuwalinda kuku wake waliofugwa huria. Sisi wa visiwani tunaojua mchezo wa maji kujaa na kupwa tunakielewa kisa hicho haraka. Lakini Maremma ni mbwa waliochaguliwa huko Italia kwa karne nyingi kwa kazi ya kukaa na kondoo, wakachujwa kila aliyeonyesha tamaa ya kufukuza. Mbwa wetu walichujwa kwa kinyume chake. Mtu asimtazame Tuone akategemea Maremma. Atamwonea mbwa na atawaponza kuku.

Yapo mambo ya jikoni yanayoharibu kazi ya uani. Kuku anapochinjwa, matumbo, vichwa na miguu hutupwa nje, na mbwa anayepewa vitu hivyo vibichi papo hapo, damu ikinuka na kuku hai wakipita, anaelezwa wazi kuwa hawa ni chakula. Kwangu Tuone hufungwa mbali wakati wa kuchinja, na akipewa sehemu hizo hupewa zimechemshwa na kuchanganywa na chakula chake, saa ya chakula chake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Mayai yaokotwe mapema, maana mbwa aliyeonja yai lililovunjika hujifunza kulivunja mwenyewe, na kutoka yai mpaka aliyelitaga si mbali. Chakula chake nacho kiwekwe baada ya kuku kulala: kuku hana adabu ya sahani ya mtu, huja kudonoa wali wa mbwa chini ya pua yake, na mbwa mpole kuliko wote huweza kumrukia kwa ajili hiyo. Hilo si uwindaji, ni kutetea mali, nalo dawa yake ni kuwatenganisha tu.

Tena inafaa kuwa waadilifu kwa mbwa. Kijiji chenye mbwa mmoja, kila kuku anayepotea ni wa mbwa huyo. Vifaranga huchukuliwa mchana na mwewe na kunguru. Usiku kuna cheche na ngawa, na chatu humeza kuku mzima asiache hata unyoya wa ushahidi, na kenge hula mayai. Kuku aliyeuawa na mbwa wa nyumbani mara nyingi hupatikana mzima, hajaliwa, manyoya ya mgongoni yamelowa mate, na pengine wapo zaidi ya mmoja. Na muuaji mkubwa kuliko hao wote hana meno: ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kulimaliza banda kwa siku chache na ambao chanjo yake ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jirani aliyekuja kwangu na lawama nilimwomba kwa heshima tumtazame kuku pamoja, na nilimkuta shingo imepinda, kinyesi cha kijani, hana jeraha. Tulizungumza juu ya chanjo badala ya fidia.

Inapokuwa ni kweli mbwa ameua, alipwe mwenye kuku siku ile ile, tena bila ya kusubiri shauri lifike kwa sheha. Kuku hapa hawafungwi. Huzunguka nyumba zote, na mwenye mbwa ndiye anayebeba jukumu. Kwa sababu hiyo hiyo mafunzo ya kuku wa nyumbani hayatoshi. Mbwa huweza kuwajua kuku wake kwa harufu akawaacha, kisha akamfukuza wa jirani aliyeingia kupitia kwenye migomba, hivyo namtembeza kwa kamba kwenye njia za kijiji, kupita mbele ya kuku wa watu wengine, kwa dagaa wale wale na kwa kumgeuza mgongo kule kule.

Mbwa achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Pemba tulikwisha kuuondoa ugonjwa huo kwa chanjo za pamoja, ukarudi mwaka 2016, na ukadhibitiwa tena kufikia mwaka 2018 kwa njia hiyo hiyo. Kisiwa hakina ukuta, na mbwa mmoja aliyevushwa na chombo anatosha kuurudisha. Mbwa aliyekuwa mtulivu kwa muda mrefu kisha akaanza ghafla kuuma kuku, magogo na chochote kilicho mbele yake, huku akitokwa na mate mengi au sauti imebadilika, huyo si wa kufundishwa. Asikaribiwe, aitwe daktari wa mifugo, na mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku ile ile.

Vifaranga nimewaacha mwisho kwa kuwa kwao sina mafunzo ninayoyaamini. Sauti yao nyembamba na mwendo wao wa kushtukiza humfikia mbwa kama panya, na koo anayewalinda humrukia usoni, jambo linalomlazimisha mbwa achague haraka baina ya kukimbia na kuuma. Tuone leo hupita katikati ya kuku wakubwa bila ya kamba, mradi mtu mzima yupo uani na anamwona. Lakini mayai yanapoanguliwa, koo na wanawe hufungiwa tengani na baadaye bandani mpaka wawe na manyoya kamili, na muda wote huo Tuone akiingia uani huingia kwa kamba, mkononi mwangu, na usiku hufungwa upande wa shamba waliko tumbili.